Meseji za alizeti zinaingia kwa watu wa mahindi, nifanyeje?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma, natengeneza app ya kuchati ya wakulima na madalali wa soko la Kibaigwa, kila zao lina rumu yake, mahindi, alizeti, mtama, karanga. Natumia Node.js na websoketi. Nina watu kama 400 wa majaribio. Shida ni kwamba meseji za rumu ya alizeti zinatokea hadi kwa watu wa mahindi, mtu akikaa kimya kama dakika moja anakatika lakini orodha inaonyesha bado yupo, na nilipoongeza seva ya pili ndo kabisa, wengine wanaona meseji wengine hawaoni. Rafiki yangu anasema nichukue laibrari niachane na haya mateso, mwingine anasema nilipie seva ya tatu. Nifuate lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwanza, maana wenzio wengi projekti ya mwisho ni mfumo wa kuazima vitabu, we umeenda sokoni kabisa. Sasa umeniandikia matatizo matatu ila mi nikiyaangalia naona ni ndugu wa tumbo moja, yote yanatokana na kudhani websoketi inajua rumu ni nini, na haijui.

Websoketi kama ilivyowekwa kwenye RFC 6455, hati ya kanuni zake ya Desemba 2011, ni bomba tu. Simu inaanza na ombi la kawaida la HTTP lenye maneno ya kusema naomba tubadilishe njia, seva ikikubali inajibu 101, yaani sawa tubadilishe, kuanzia hapo ile koneksheni ya TCP inabaki wazi na ndo tunaiita soketi, huku wanatuma na kule wanatuma bila kusubiriana. Basi. Hamna kipengele cha rumu, hamna chaneli, hamna orodha ya waliopo. Chaneli ni mambo ya zamani zaidi, IRC, mfumo wa kuchati ulioanza 1988, ndo uliozoesha watu, hata ile alama ya # mbele ya jina la chaneli tumeirithi huko. Kwenye websoketi hayo yote unayajenga mwenyewe juu ya bomba, na majina nayo yasikusumbue kichwa, laibrari moja inaita rumu nyingine inaita chaneli nyingine inaita topiki, kazi ni ileile.

Rumu ni daftari. Liko kwenye memori ya seva, upande mmoja jina la rumu, upande wa pili soketi zilizomo:

mahindi: soketi 3, soketi 8, soketi 21
alizeti: soketi 8, soketi 40

Ikija meseji ya alizeti unafungua ukurasa wa alizeti, unatuma kwa 8 na 40, umemaliza. Huyo 8 ni dalali wa mazao yote mawili, na ona ana soketi moja tu, usije ukafungua soketi kwa kila rumu kama nilivyowahi kuona kwa watu, simu ya mtu ina koneksheni sita kwa app moja, betri inakwisha saa nane mchana. Kwa Node.js hilo daftari ni Map (jina na kilichomo) yenye Set ndani (orodha isiyorudia kitu), mistari kumi haifiki.

We nina hakika karibu ya asilimia mia umechukua ule mfano wa kwanza ambao kila mtu anaunakili, unapita lupu kwa klayenti wote waliounganishwa, kila aliye wazi unamtumia, halafu simu ndo inaangalia kama meseji ni ya rumu yake iionyeshe au iifiche. Kuna mahali simu imesahau kuficha, ndo maana alizeti imeingia kwa mahindi. Ila hata ungerekebisha hiyo sehemu ya simu bado ni kosa, kwanza unamla mtu bando kwa meseji asizozitaka, pili mtu yeyote mwenye kompyuta na brauza akifungua zile zana za madeveloper anasoma maongezi ya rumu zote, pamoja na ile ya madalali wakipanga bei ya gunia. Kuchuja kunafanyika seva. Simu isipewe kabisa kitu ambacho si chake.

Weka na daftari la pili lililogeuzwa, kila soketi iwe na orodha ya rumu alizomo. Watu wanaliruka hili wanaona ni kujirudia. Faida yake unaiona siku soketi inapofungwa, unachukua orodha yake unapita rumu moja moja unamfuta, na rumu ikibaki tupu unaifuta nayo. Bila hivyo soketi zilizokufa zinajazana kwenye Set, memori inapanda taratibu, baada ya siku tatu seva inajizima yenyewe na we unalaumu kampuni uliyokodi kwao.

Kuhusu meseji yenyewe, ipe umbo moja usilibadilishe: aina, rumu, kitambulisho, mwili. Mfano {"aina":"sema","rumu":"alizeti","kitambulisho":"a91f","mwili":"gunia 40 ziko tayari"}. Umeona sijaweka jina la mtumaji wala muda? Hivyo viwili anaviweka seva. Ukikubali jina kutoka kwenye simu, kijana mmoja mjanja atatuma bei kwa jina la dalali mkubwa na soko zima litaamini. Na ruhusa uikague mara mbili, wakati wa kuingia rumu na kila anapotuma, kwa sababu mtu aliyetolewa saa nne asubuhi soketi yake bado iko wazi saa tano. Halafu weka kikomo cha ukubwa, ws, ile laibrari ya websoketi ya Node.js, kwa kawaida yake inakubali meseji hadi MB 100, sasa nani anaandika bei ya mtama kwa MB 100? Weka KB 16 watu watachati vizuri tu.

Kwenye kumtambua mtu anapofungua soketi kuna mtego. API ya WebSocket ya brauza haikuruhusu kuongeza heda zako, yaani maelezo ya ziada ya ombi, kwa hiyo wengi wanabandika tokeni, ule ufunguo wa kumtambua mtu, kwenye URL, na URL inaandikwa kwenye logi za Nginx, programu inayokaa mbele ya seva yako kupokea maombi, kesho aliyeshika logi anaingia kwa jina lako. Afadhali uanze na ombi dogo la HTTPS, seva ikupe tiketi ya kutumika mara moja inayokufa baada ya sekunde 30, ndo ufungulie nayo soketi. Kama unatumia kuki, zenyewe zinaweza kwenda bila kuombwa hata ukurasa ukiwa wa tovuti ya mwizi, kwa hiyo kagua heda ya Origin, inayosema ombi limetoka tovuti gani, kabla hujajibu ile 101.

Haya tuje kwa mtu wa dakika moja. Hiyo namba imenichekesha maana ni ileile kila mahali: Nginx ina mpangilio unaitwa proxy_read_timeout, kwa kawaida ni sekunde 60, seva yako isipopitisha chochote kwa muda huo Nginx inakata. Utashauriwa uipandishe iwe saa nzima au siku, usifanye hivyo ukaishia hapo, maana utaondoa kukatika utabaki na mizimu.

Mzimu unapatikana hivi. Mkulima yuko juu ya lori na mzigo wake, mtandao unapotea ghafla. Simu haikuaga. Kwenye TCP kama hamna aliyeaga, seva inaamini koneksheni ipo, na hata ikijaribu kumtumia kitu, Linux kwa mipangilio yake ya kawaida inarudiarudia kutuma kwa kama dakika 15 ndo ikate tamaa. Muda wote huo kitone chake cha kijani kinawaka, watu wanamuuliza "upo mzee?" hajibu, wanaona anawadharau.

Dawa ni pingi. Websoketi ina fremu mbili maalumu, pingi na pongi. Seva inatuma pingi kila sekunde 25 au 30, brauza inajibu pongi yenyewe bila we kuandika kitu. Kila soketi ipe alama ya "hai". Kabla ya kutuma pingi iondoe hiyo alama, pongi ikirudi irudishe. Raundi inayofuata ukikuta alama haijarudi, katilia mbali, na kwenye ws tumia terminate, usitumie close, kwa sababu close inaaga kistaarabu ikisubiri kuagwa, na unamuaga mtu aliyeshaondoka. Pingi ya sekunde 25 inakutibia na ile ya Nginx hapohapo. Jambo moja tu, JavaScript ya ndani ya brauza haiwezi kutuma pingi wala kuiona ikifika, kwa hiyo ukitaka simu nayo ijue kwamba seva imekufa, tuma meseji yako ya kawaida yenye aina "upo", simu ikikaa sekunde 60 bila kusikia chochote ijifunge ianze upya.

Orodha ya waliopo nayo ihesabu watu, isihesabu soketi. Mtu ana simu na laptop, akifunga laptop hajatoka. Anatoka soketi yake ya mwisho ikifa, na hata hapo subiri sekunde 20 au 30 ndo utangaze, la sivyo rumu itajaa "ametoka, ameingia, ametoka, ameingia" mpaka watu wazime notifikesheni.

Simu ikikatika irudi yenyewe, ila isirudi kama mwehu. Subiri sekunde 1, ikishindikana 2, kisha 4, 8, mwisho 30, na kila muda ongeza kiasi cha bahati nasibu. Hiyo bahati nasibu nilikuwa naiona pambo. Kuna ofisi moja niliwatengenezea chati ya wafanyakazi wao, nikapandisha toleo jipya saa saba mchana kweupe, seva ikazima sekunde nne ikawaka. Simu zote zilikuwa zimekatika sekunde moja, zikasubiri sekunde moja, zikarudi sekunde moja, na kila moja ikaomba meseji 200 za mwisho za kila rumu. Databesi ikalala. Seva ikaona databesi haijibu ikaanguka, simu zote zikakatika tena pamoja, zikarudi tena pamoja. Nilikaa pale naangalia ile grafu inapanda na kushuka kama msumeno, chakula nilichoagiza kikapoa mezani, nikaja kukizima kile kitu chote saa kumi. Tangu siku hiyo napandisha toleo saa tano usiku na naweka bahati nasibu hata pale isipohitajika.

Sasa sehemu ambayo kwangu ndo moyo wa chati, na kwenye swali lako hujaitaja kabisa. Mtu akikatika dakika mbili, meseji za hizo dakika mbili zinaenda wapi? Kwa ulivyojenga saivi haziendi popote, soketi haikuwepo, zimepita. TCP inakulinda ndani ya koneksheni moja tu, ikifa ikazaliwa nyingine, TCP haijui kama ni mtu yuleyule.

Kwa hiyo usiitegemee soketi kufikisha meseji. Itegemee databesi, soketi iwe kengele tu ya kusema kuna kitu kipya. Kila rumu iwe na namba inayopanda, meseji ya kwanza 1, ya pili 2, unaiongeza ndani ya muamala uleule wa kuhifadhi meseji ili seva mbili zisitoe namba moja. Hifadhi kwanza, tangaza baadaye, usigeuze. Simu inakumbuka namba ya mwisho iliyoona kwenye kila rumu, ikirudi inasema "alizeti, nimeishia 4817", seva inaipa 4818 kwenda mbele. Usitumie saa badala ya namba, saa za simu za watu zinadanganya na hata seva zako mbili hazitapatana kwa milisekunde.

Ila hapo kuna tundu dogo linalowapata hata wakongwe. Simu imerudi, inaomba zilizopita, seva inasoma databesi inakuta mwisho ni 4819, inaanza kutuma. Kabla haijaiandika soketi kwenye daftari la rumu, dalali mwingine anatuma 4820. Kwenye jibu haimo kwa sababu databesi ilishasomwa. Kwenye matangazo hajapata kwa sababu daftarini hakuwepo. Imepotea, na haitarudi mpaka akatike tena. Geuza mpangilio: mwandike daftarini kwanza, ndo usome databesi. Hapo kibaya kabisa kinachoweza kutokea ni 4820 kumfikia mara mbili, na simu ikiona namba iliyonayo inaitupa. Ikiona tundu, yaani 4821 imefika na 4820 haipo, isubiri kidogo halafu iombe hiyo moja.

Upande wa kutuma nao una ya kwake. Mkulima anabonyeza tuma, meseji inahifadhiwa, kabla risiti haijarudi mtandao unakatika. Simu haijui, inatuma tena. Ndo kazi ya kile kitambulisho "a91f" pale juu, kinatengenezwa kwenye simu mara moja tu na hakibadiliki hata akituma mara kumi, na kwenye databesi unakiwekea sharti kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na vitambulisho viwili vinavyofanana. Ya pili ikija databesi inaikataa, seva inarudisha risiti ya ile ya kwanza. Bila hivyo "nauza gunia 40" inatokea mara tatu na mnunuzi anadhani ni gunia 120.

Seva ya pili sasa naona umeshajua jibu mwenyewe. Soko lina mageti mawili na kila geti lina daftari lake, aliyeingia geti hili hayumo kwenye daftari la lile, kwa hiyo ukitangaza geti la kwanza wanasikia nusu. Zinahitaji kuambiana. Cha kawaida ni Redis pub/sub, programu ya pembeni ambayo seva moja inachapisha ujumbe na zilizojiandikisha zinaupata: mtu wa kwanza akiingia alizeti kwenye seva fulani, hiyo seva inajiandikisha Redis kwa "alizeti", wa mwisho akitoka inajiondoa. Meseji ikihifadhiwa inachapishwa Redis, seva zote zilizojiandikisha zinaipata na kila moja inatuma kwa watu wake. Hata ile iliyochapisha inaipata, kwa hiyo isitume pia moja kwa moja, watu wataona mbili mbili na utakesha unatafuta. Na ujue Redis pub/sub haihifadhi, seva ikiyumba sekunde mbili imekosa zilizopita, haipewi tena. Wengine wanaogopa hapo wanakimbilia mitambo mikubwa, ila we una namba za mfululizo, simu itaona tundu na kuliomba. Unaona namba zinavyofanya kazi mara mbili?

Kitu kingine kidogo cha kuangalia ni simu za mtandao mzito. Ukimtumia kwa kasi asiyoweza kupokea, zinapangana kwenye memori ya seva yako. Angalia bufferedAmount ya soketi, yaani kiasi kinachosubiri kutumwa, ikipita kama MB 1 mkate tu, atarudi na namba yake atachukua alipoishia.

Kuhusu laibrari, rafiki yako hajakosea sana. Socket.IO, laibrari maarufu ya kazi hii, inakupa rumu, kurudi yenyewe, pingi, na adapta ya Redis, ningekuwa na wiki mbili za kukabidhi projekti ningeichukua. Ila jua vitu viwili. Haizungumzi websoketi tupu, ina itifaki yake juu, kwa hiyo app ya Android iliyoandikwa na websoketi ya kawaida haitaunganishwa nayo. Na kwa kawaida yake inatuma mara moja tu kwa aliyekuwepo, aliyekosa amekosa, so namba na kitambulisho bado ni mzigo wako, laibrari haikubebei.

Seva ya tatu usilipie. Hata ya pili izime. Watu 400 ni wachache sana, timu ya Phoenix, fremuweki ya lugha ya Elixir, mwaka 2015 walifikisha koneksheni milioni 2 kwenye mashine moja, kubwa kweli, ya kori 40 na RAM GB 128, lakini moja. Kitakachokuumiza ni kuzidisha: rumu ya watu 300, kila mmoja akiandika meseji moja, seva imetuma karibu 90,000. Ukitangaza kila anayeingia na kutoka kwenye rumu kubwa unajitafutia, tuma idadi tu kila baada ya sekunde tano. Na angalia ulimit ya mashine, kikomo cha faili ambazo programu inaweza kufungua, nyingi zinaanza na faili 1024 kwa programu moja, kila soketi ni faili, ukifika hapo seva inaanza kukataa watu na CPU iko asilimia tisa.

Anza na daftari na pingi wikiendi hii, namba za rumu wiki ijayo, Redis acha mpaka uihitaji. Ukimaliza namba chukua simu mbili, moja iweke hali ya ndege, kwa nyingine tuma meseji ishirini harakaharaka, ukifika ya kumi na tano toa hali ya ndege kwenye ile ya kwanza huku bado unatuma. Hesabu zilizofika. Zikiwa kumi na tisa, nitumie lile faili la kuingia rumu, nadhani nitajua mstari gani.